Samaki wa Ubwari Mikononi mwa Jirani: Mhadhara Juu ya Kukabidhi Mgonjwa



Ukisimama mwaloni hapa Baraka ukatazama mashariki, macho yanavuka ghuba ambayo ramani bado zinaiita kwa jina la Burton, Mwingereza aliyefika ziwani pamoja na mwenzake Speke mwaka 1858, kisha yanagota kwenye milima ya rasi ya Ubwari. Kando ya rasi hiyo, kwenye mawe yaliyozama karibu na ufuko, anaishi samaki asiyezidi sana urefu wa kiganja. Mvuvi wa ndagala hana haja naye, na mama muuza mukeke hawezi kumpanga kwenye beseni lake akapata mteja. Wataalamu humwita Tropheus, jina alilopewa na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1898. Samaki huyu asiye na bei sokoni kwetu ana bei kubwa Ujerumani, Marekani na Japani, ambako hukaa sebuleni katika tangi la kioo, chini ya taa yake mwenyewe. Na huko hauzwi kwa jina la ukoo wake peke yake. Huuzwa pamoja na jina la mahali: Ubwari, Bemba, Kiriza. Watu ambao hawajawahi kusikia habari za Fizi, teritwari yetu, hulitaja jina la Kiriza kila siku wanapolisha samaki wao.

Swali la mhadhara huu ni dogo kwa sura. Samaki huyo akiugua, na mwenye tangi yuko karibu kwenda likizo, au konje kama tusemavyo hapa, afanye nini? Wengi hujibu kwa kutaja dawa. Mimi nitajibu kwa kutaja makabidhiano. Hoja yangu ni kwamba samaki wa tangini huuawa na habari zinazopotea anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine mara nyingi kuliko anavyouawa na ugonjwa wenyewe. Anayeondoka anajua jambo ambalo anayebaki halijui, na mgonjwa hufa katika pengo hilo. Hoja hii ikiwa kweli, basi utunzaji wa samaki aliyeachwa na mwenyewe hauanzii Berlin siku ya kufunga mizigo. Unaanzia hapa, mkononi mwa mtu wa kwanza aliyemtoa ziwani.

Tuanze na maji, kwa maana kwa samaki maji ndiyo hewa, ndiyo choo, na ndiyo nyumba. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee linalolizidi. Kwa ukubwa wake, joto lake halipandi wala kushuka kwa ghafla, na maji yake yana chumvichumvi za madini zinazoyafanya yawe ya kibesi: juu juu, kipimo cha pH hukaribia 9. Samaki wa mawe wamezaliwa humo kwa vizazi visivyohesabika. Sasa mtie samaki huyo katika tangi la lita 200, na umtengenezee maji yanayofanana na ya kwao. Kila anachokula hutoa taka, na taka hiyo hugeuka kuwa amonia. Bakteria walio kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Bakteria wakiwa wengi na chakula kikiwa kidogo, mambo huenda sawa.

Hapa ndipo penye mtego. Amonia majini ina sura mbili: moja ina sumu kali, nyingine haidhuru sana, na uwiano kati ya hizo mbili huamuliwa na pH pamoja na joto. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia moja. Katika pH 9 huzidi theluthi. Maana yake ni kwamba kosa ambalo samaki wa mto wenye maji laini angelivumilia, samaki wa Ubwari halivumilii. Gao moja la chakula kilichozidi, likiozea nyuma ya jiwe, kwake ni mara nyingi zaidi ya kosa lilelile kwa mwenzake wa Amazoni. Mwenye tangi analijua hilo kwa uzoefu, hata kama hajui hesabu zake. Jirani aliyeachiwa ufunguo halijui. Anachokijua ni huruma. Anaona samaki wanakuja mbele ya kioo, wanafungua na kufunga vinywa, naye anaamini wanaomba. Anaongeza. Wahenga walisema akiba haiozi. Ndani ya tangi, akiba huoza, tena huoza usiku mmoja.

Ukiongeza ugonjwa juu ya hali hiyo, pengo linazidi kupanuka. Tuchukue ugonjwa unaowatesa Tropheus kuliko wote, ule wa kuvimba tumbo. Kule mawe yalipo, samaki huyu hukwangua mwani siku nzima, kidogo kidogo, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kama ulivyo utumbo wa mnyama anayekula majani. Akipewa chakula kizito cha nyama, au akisumbuliwa na wenzake, au maji yakibadilika ghafla, huacha kula, huchukua chembe mdomoni na kuitema, kinyesi chake hugeuka kuwa uzi mweupe, hujitenga pembeni, tumbo hujaa, naye huhema kwa kasi. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu chanzo: wengine huvilaumu vijidudu vyenye mijeledi vinavyoishi utumboni, wengine bakteria, wengine chakula chenyewe. Dawa inayotumiwa sana ni metronidazoli, ileile ambayo wengi wenu mmeimeza kwa ajili ya amiba. Dawa hiyo husaidia ikiwahi. Lakini dalili ya kwanza, ile ya kuchukua chembe na kuitema, huonekana na mtu anayemjua samaki huyo mmoja miongoni mwa ishirini. Kufikia siku ambayo mgeni ataona tumbo limevimba, dawa mara nyingi imekwisha kuchelewa. Habari iliyohitajika ilikuwa kichwani mwa msafiri, naye yuko ufukweni mbali.

Mfano wa pili ni ugonjwa wa madoa meupe, ambao wanasayansi humwita mwenezi wake Ichthyophthirius. Doa moja jeupe ni kijidudu kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki. Kikishiba hudondoka, hujifunga kwenye ganda huko chini ya tangi, na ndani ya ganda hilo hujigawanya kuwa mamia ya wadogo, ambao hutoka kuogelea wakitafuta samaki mwingine. Dawa haimfikii aliye ngozini wala aliye kwenye ganda. Humuua tu yule anayeogelea. Kwa joto la nyuzi 25 mzunguko wote huo huchukua chini ya wiki moja hivi. Sasa fikirieni mtu anayesafiri Ijumaa. Aliweka dawa Jumatatu; Alhamisi madoa yamepotea; anashukuru, anamwambia jirani kuwa samaki wamepona, anafunga mlango. Hakusema uongo. Alikabidhi hali ya siku ile, bila kukabidhi hesabu ya siku zijazo. Madoa yatarudi Jumanne yakiwa mengi kuliko mwanzo, na jirani, ambaye ameambiwa wamepona, ataamini anachokiona ni jambo jipya, au hataamini chochote.

Kutokana na mifano hiyo miwili tunapata kanuni za vitendo, na kila moja inatokana na hoja ileile. Kanuni ya kwanza: matibabu yasianzishwe siku mbili tatu kabla ya safari. Kama ugonjwa una mzunguko, safari ingoje mzunguko uishe, au matibabu yakabidhiwe kwa mtu aliyewahi kutibu. Dawa kadhaa hupunguza hewa majini, nyingine hudhuru bakteria wa chujio, na mkaa ulioachwa ndani ya chujio huinyonya dawa ikawa kama haikuwekwa. Asiyejua mambo haya atamwaga chupa na kumaliza alichokuwa akijaribu kuokoa. Kuongeza joto ili kuharakisha mzunguko nako kuna bei yake: maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 25, na mgonjwa anayehema kwa shida hahitaji upungufu mwingine. Kanuni ya pili: chakula kipimwe na mwenyewe, kifungwe katika vipakiti vya siku mojamoja vilivyoandikwa tarehe, na kopo lenyewe lifichwe. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki bila kula na asidhurike. Mgonjwa asiyekula hafaidiki na chembe zinazomwozea kando. Kanuni ya tatu: iandikwe karatasi. Si kitabu, karatasi moja. Tangi lina lita ngapi za maji baada ya kutoa mawe na mchanga, kwa sababu vipimo vya dawa hufuata maji wala havifuati kioo. Mgonjwa ni yupi, ana alama gani, tangu lini, amepewa nini, kiasi gani, siku gani. Dalili ipi ikionekana apigiwe nani. Na sentensi moja ambayo wengi huisahau: ukiwa na shaka, usifanye kitu kingine; badili tu sehemu ndogo ya maji kwa maji yaliyotengenezwa yenye joto lilelile, kisha piga simu.

Najua yapo mapingamizi, na ninayachukua moja moja. La kwanza ni la hapahapa. Mtu atauliza: sisi watu wa Fizi tuna nini na samaki wa mapambo? Teritwari hii imepokea wakimbizi wa Burundi pale Lusenda tangu 2015, na wana wetu wenyewe wamekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa. Je, mtu ambaye hana likizo na hana kioo ahangaike na samaki wa tajiri? Swali hili ni la haki, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini angalieni linavyojijibu. Miongoni mwa waliotoka Nyarugusu wapo wengi walio leo Marekani, na mmoja wao akiingia dukani huko anaweza kukuta jina la kijiji cha baba yake limebandikwa kwenye kioo. Kitu kilichobeba jina lenu kimesafiri, kinauzwa, na kinafia mikononi mwa watu wasiojua kinakula nini. Ujuzi wa kinakula nini mnao ninyi. Kuuita ujuzi huo mchezo wa tajiri ni kuuacha bure mkononi mwa yule anayeuuza kwa bei yake.

La pili ni la wale wanaosema samaki hahisi, kwa hiyo hakuna cha kuhangaikia. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, wakiwa Uingereza, walionyesha kuwa samaki aina ya trauti ana neva zinazopokea maumivu mdomoni, na kwamba akidungwa kitu kinachochoma hubadili mwenendo wake: huhema haraka, huacha kula kwa muda, hujisugua kwenye changarawe. Mjadala kuhusu kile samaki anachokipitia ndani yake unaendelea. Hata hivyo, hoja yangu haitegemei mjadala huo uishe. Anayesema samaki hahisi bado anakiri kwamba anakufa, na kufa kwake kuna sababu inayoweza kuzuiwa kwa karatasi moja.

La tatu ni la watu wa mashine. Leo kuna kifaa kinachodondosha chakula kwa saa, kuna kamera inayomwonyesha mwenye tangi samaki wake akiwa ng'ambo ya bahari, kuna kipimajoto kinachotuma ujumbe kwenye simu. Basi jirani wa nini? Vifaa hivi ni vizuri, na kwa tangi lenye afya vinaweza kutosha. Kwa mgonjwa havitoshi, kwa sababu mashine hukabidhi kitendo na haikabidhi uamuzi. Kidondosha chakula hakijui kwamba jana chakula hakikuliwa. Kamera inaona kwamba samaki amelala ubavu, lakini haina mkono wa kufungua bomba. Na umeme ukikatika, pampu husimama, kamera huzima, na bakteria wa chujio waliokosa hewa huanza kufa baada ya saa chache. Hapo ndipo jirani mwenye karatasi anapozidi vifaa vyote thamani.

La nne ndilo zito, na silikwepi. Linasema: dawa bora ya samaki huyu ni kutomtoa mawe yake. Tropheus hatagi maelfu ya mayai kama wengine. Jike hubeba mayai machache mdomoni kwa takribani mwezi mmoja, na aina moja ya rangi inaweza kuishi kwenye kipande kifupi tu cha ufuko wenye mawe, kwa kuwa havuki mchanga wala kina kirefu kwenda kwa majirani. Wavuvi wa mapambo wakiliandama jiwe moja, linaweza kubaki tupu. Nakubali yote hayo. Nakubali pia kwamba samaki wengi wanaouzwa leo kwa majina yetu wamezalishwa matangini huko nje, na hilo ni jema kwa ziwa. Lakini aliyezaliwa Ujerumani kwa wazazi wa Kiriza bado ana utumbo wa Kiriza. Bado anataka mwani wala si nyama, bado anataka maji ya kibesi, bado amonia humwua haraka. Pingamizi hili linatuamuru tuvue kwa kiasi. Halituondolei wajibu wa kusema samaki huyo ni nani.

Turudi sasa kwenye mnyororo wenyewe, maana ndiko hoja inakothibitika. Samaki akivuliwa Ubwari kwa ajili ya kuuzwa nje, anapita mikononi mwa mpiga mbizi, mwenye mtumbwi, mtunza matangi ya kusubiria, mfungaji, mchukuzi wa uwanja wa ndege, muuzaji wa jumla, mwenye duka, mnunuzi, na mwisho jirani wa mnunuzi mwezi wa Agosti. Kila mmoja wao ni msafiri anayemwachia mwingine. Biashara hii ilijifunza mapema kwamba mkabidhi asipotayarisha, mpokeaji huzika. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyejenga kazi ya kusafirisha samaki hawa kutoka Burundi na ambaye jina lake limo katika Neolamprologus brichardi aliyepewa jina na mtaalamu wa samaki Max Poll mwaka 1974, aliandika vitabu vizima kueleza kila aina inaishi wapi na inaishije. Samaki wa safari hufungishwa chakula siku moja au mbili kabla ya kutiwa mfukoni, ili asiyachafue maji machache aliyopewa. Ndani ya mfuko, pumzi yake huongeza gesi ya kaboni, pH hushuka, na amonia iliyojikusanya hupoteza makali. Mpokeaji akifungua mfuko na kuuacha wazi kwa saa nyingi akidhani anamzoesha, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu mbele ya macho yake. Safari nzima ilikuwa salama. Hatari ilikuwa kwenye mlango.

Tazameni pia frontosa, yule mwenye mistari na nundu usoni, anayeishi kwenye kina cha makumi ya mita. Akipandishwa kwa pupa, kibofu chake cha hewa hutanuka na kumbana viungo vya ndani. Mpiga mbizi mwenye subira humpandisha hatua kwa hatua, akimwacha ndani ya kizimba kwenye kina fulani hadi mwili uzoee, kabla ya kumsogeza juu tena. Haraka haraka haina baraka, na mji huu una jina linalotukumbusha. Aliyeharakisha hatamwona samaki akifa. Samaki atakufa baadaye, kwa mwingine, akiwa na ugonjwa ambao daktari wa huko hatajua ulianza lini. Vivyo hivyo wale waliobeba ndagala hai kutoka ziwa letu hadi Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuta kwamba samaki huyo laini, anayepoteza magamba kwa kuguswa tu, hasafirishwi kama gunia la muhogo. Leo watu wa Bukavu na Goma wanamla kwa jina la sambaza, na chakula hicho kipo mezani kwa sababu makabidhiano yale hatimaye yalifanywa vizuri.

Kwa hiyo nawaambia wenye matangi, popote walipo: mnapomwacha mgonjwa, acheni karatasi kabla ya kuacha dawa, na kama hamna wa kumpa karatasi hiyo, ahirisheni safari. Kwetu sisi wa Fizi nina ombi lililo karibu zaidi. Kituo cha utafiti wa maji pale Uvira kimefanya kazi ya samaki wa ziwa hili tangu enzi za Wabelgiji. Georges Marlier aliyekuwa huko ndiye aliyempa jina Tropheus duboisi mwaka 1959, na wataalamu wa Japani walikaa pwani hii miaka ya 1980 wakichunguza samaki wa mawe. Maarifa yamo kwenye makabati yao, na yamo pia vichwani mwa wapiga mbizi wa Ubwari ambao hakuna aliyewauliza. Wanafunzi wa Baraka wayaandike. Na mvuvi anayemtia samaki mfukoni aweke ndani ya kasha kipande cha karatasi chenye mambo manne: jina la mahali, kina, tarehe, na kile alichokuwa akikwangua kwenye jiwe. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na jirani wa mwezi wa Agosti hatapata msaada mwingine kutoka kwetu.